Sindano Ikiua, Nani Atalipa Dia?

Mwezi Mei mwaka 2017, katika kijiji cha Nachodokopele kule Kapoeta, Sudan Kusini, watoto waliitwa kuchanjwa surua. Kampeni ilikuwa ya nchi nzima, ikilenga watoto zaidi ya milioni 2. Pale kijijini kazi iliangukia mikononi mwa watu wasiofunzwa. Wengine waliodunga sindano walikuwa watoto wa miaka 12. Bomba moja la sindano la kuchanganyia dawa lilitumika siku zote 4, badala ya kutupwa, na chanjo yenyewe ilikaa muda wote huo nje ya ubaridi. Watoto 15 walikufa, wote chini ya miaka 5. Wengine 32 walishikwa na homa, wakatapika na kuharisha, kisha wakapona.

Tarehe 2 Juni, hapa Juba, Waziri wa Afya wa wakati ule, Dakta Riek Gai Kok, alitangaza matokeo ya uchunguzi bila kuyapaka mafuta: chanjo ilikuwa imeingiwa na uchafu. Akasema tume itaundwa kutazama nani awajibike, na kama familia zilipwe fidia.

Hapo ndipo mimi ninapokwama. Serikali ilikiri kosa kwa kinywa chake, mbele ya vipaza sauti. Kilichobaki kujadiliwa kilikuwa kiasi gani na lini.

Na nchi hii haihitaji kufundishwa habari za fidia. Sheria yetu ya Makosa ya Jinai ya mwaka 2008, kifungu cha 206, inawaruhusu ndugu wa aliyeuawa kuchagua dia badala ya muuaji kunyongwa. Kwa Wadinka hesabu inayotajwa sana ni ng'ombe 31, kwa Wanuer 50. Wazee watabishana, lakini ukoo wa muuaji unajulikana na zizi lake linajulikana. Hospitali haina ukoo.

Nachodokopele angalau kulikuwa na uchunguzi. Mara nyingi hakuna. Mtu analazwa kwa mguu uliovunjika kwenye ajali ya bodaboda, anafungwa vyuma, na baada ya wiki kidonda kinatunga usaha. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba katika nchi kama yetu, wagonjwa 15 kati ya kila 100 wanaolazwa hupata maambukizi wakiwa humo humo wodini. Ugonjwa ukijitokeza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa, madaktari huhesabu kwamba huenda umeupata hospitali. Kwa kidonda cha upasuaji hesabu hufika siku 30, na zaidi palipofungwa vyuma. Kwa hiyo tarehe ndiyo ushahidi. Na tarehe zetu zinaandikwa wapi? Kwenye daftari la shule, ambalo mama wa mgonjwa amelinunua mwenyewe na analiweka chini ya mto pamoja na risiti za glavu na dripu alizotumwa kununua duka la dawa ng'ambo ya barabara. Daftari likilowa mvua, kesi imekwisha kabla haijaanza.

Kwa hiyo, mama, zipige picha kurasa hizo kwa simu. Kipige picha na kidonda, kila siku. Risiti usitupe.

Utasema, twende mahakamani. Kampala walikwenda. Kesi ya akina mama wawili waliofariki wakijifungua katika hospitali za serikali ilifunguliwa mwaka 2011. Mahakama ya Katiba iliwapa ndugu zao haki na fidia mwaka 2020. Miaka 9, tena wakiwa na mawakili wa shirika zima nyuma yao. Na umshtaki nani? Muuguzi aliyekaa miezi bila mshahara mwaka 2024, akiosha mikono kwa maji ya jerikeni? Ukishinda kesi dhidi yake utapata nini, hilo jerikeni?

Ipo njia nyingine, nayo si ndoto. Ufaransa, tangu mwaka 2002, aliyekufa au kulemaa vibaya kwa maambukizi ya hospitali hulipwa kutoka mfuko wa taifa, bila familia kulazimika kuthibitisha ni daktari yupi alikosea. Mtasema hiyo ni Ufaransa, wana pesa. Basi tazameni korona. Chanjo za mpango wa kimataifa wa COVAX zilipoanza kugawiwa mwaka 2021, ziliandamana na mfuko wa fidia kwa nchi 92, na Sudan Kusini ilikuwamo. Aliyedhuriwa vibaya na chanjo, au na namna ilivyotolewa, aliweza kuomba malipo bila kwenda mahakamani. Pesa zilitokana na tozo ndogo kwenye kila dozi. Yaani mtu mzima wa Juba aliyechanjwa korona alikuwa na mlango wa kubisha, na mtoto wa Kapoeta aliyechanjwa surua miaka 4 kabla yake hakuwa nao.

Wizara ifungue mfuko kama huo kwa chanjo zote, kisha uvuke uingie wodini. Iwepo meza moja katika kila hospitali ya jimbo, na karani anayejua kuandika maelezo ya mtu asiyejua kusoma. Wafadhili wanaotusaidia katika afya watalalamika kuhusu tozo kama ile. Walishaikubali mara moja kwa korona. Waulizwe tena, na wa kuuliza ni Bunge letu, siyo mama mwenye daftari.