Viazi Vitamu vya Pilipili na Ukwaju kwa Chumvi Kidogo

(Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Isevya, Tabora)



Nimeombwa nizungumze juu ya mapishi, na najua kwamba baadhi yenu mlipoiona ajenda mlidhani karani amekosea. Mikutano yetu imezoea habari za pembejeo, mizani, bei ya tumbaku na marejesho ya mikopo. Lakini kila katibu aliyeketi hapa anatunza jina la mrithi wa kila mwanachama wake, na anajua ni mara ngapi amelazimika kulitafuta jina hilo kwa ajili ya mtu ambaye jana yake alikuwa shambani. Mwanachama huanguka ghafla, upande mmoja wa mwili hufa ganzi, mdomo hupinda. Majirani husema karogwa. Hospitali husema ni kiharusi. Akinusurika, mara nyingi hawezi tena kushika jembe, na mkopo wake wa pembejeo hubaki mabegani mwa wenzake. Kwa hiyo sioni kwamba nimetoka nje ya mambo ya ushirika.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na shinikizo kubwa la damu. Wengi hawana habari, maana ugonjwa huu hauumi. Aliyebahatika kupimwa huambiwa mambo kadhaa na mganga, na mojawapo ni kupunguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hapo imehesabiwa chumvi yote, hata ile iliyomo ndani ya mkate na samaki wa kukaushwa. Chumvi ikizidi, mwili huzuia maji ili kuizimua, damu huongezeka wingi ndani ya mishipa, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi.

Haya mmekwisha kuyasikia. Jambo linalonihangaisha mimi ni lile linalotokea mgonjwa anaporudi nyumbani na ushauri huo. Mama wa nyumba humpikia chungu chake peke yake: viazi vilivyochemshwa kwa maji matupu, mchicha usio na kitu. Watoto wanakula kingine, wageni wanakula kingine, na mzee anakula cha kwake pembeni kama mtu aliyetengwa. Huvumilia wiki mbili. Wiki ya tatu anaagiza kichumvi kiletwe mezani, na anayelaumiwa ni mkewe, kwamba hajui kupika. Nasema wazi mbele ya akina baba walio wengi humu: lawama hiyo haina haki. Chakula kilichoondolewa chumvi bila kuongezwa kitu kingine ni lazima kipooze, hata akipika nani. Dawa yake ni kupika chungu kimoja cha nyumba nzima, chenye ladha iliyotoka kwingine.

Kabla sijafika jikoni, niruhusuni nikumbushe jambo moja la historia yetu. Hapa tulipo ni njia panda ya misafara ya zamani. Burton na Speke walifika Tabora Novemba 1857, na katika safari yao ya kwenda Ujiji walipita katika nchi ya Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi. Waakiolojia waliochimba huko katika miaka ya 1960 waligundua kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi mahali hapo tangu karne ya 5 au ya 6. Wakati wa kiangazi watu walipiga kambi, wakachemsha maji yale katika vyungu kwa kuni nyingi, na chumvi iliyopatikana ikafungwa mizigo na kubebwa kichwani kwa siku nyingi. Ilikuwa bidhaa ya kubadilishana, kama fedha. Mtu hatapanyi fedha chunguni.

Kisha reli ikaja. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo inapita Uvinza penyewe. Mzigo uliokuwa ukimchosha mpagazi ukawa mzigo mdogo wa behewa. Leo pakiti ya chumvi ni miongoni mwa vitu rahisi kabisa dukani, na mkono umesahau kuhesabu. Nataja haya kwa sababu wapo wanaosema kula chumvi nyingi ni desturi yetu ya asili. Wingi huu wa leo ni mgeni, tena wa juzi.

Sasa tuje kwenye viazi vitamu. Nimevichagua kwa makusudi. Kila nyumba inavyo, kiazi chenyewe kina sodiamu kidogo sana, na kina potasiamu kwa wingi, madini yanayosaidia figo kuitoa chumvi mwilini. Zaidi ya hayo, kiazi kitamu kina sukari yake, na utamu haupatani na chumvi kama unavyopatana na uchachu na ukali. Anayetaka kuufundisha ulimi kazi mpya aanze na kiazi hiki, asianze na ugali.

Kwa watu sita chukueni viazi kilo 2. Vilivyo vyeupe ndani na vikavu ndivyo vinavyofaa zaidi. Vile vya rangi ya chungwa vina faida kubwa ya vitamini A, lakini huvunjika upesi, basi vikatwe vipande vikubwa zaidi. Menyeni, kateni, loweka vipande katika maji baridi muda wa robo saa ili wanga wa juu utoke, kisha vikaushwe kwa kitambaa. Hapa kuna siri moja. Ndani ya kiazi mna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari wakati kiazi kinapopata moto polepole. Ndiyo sababu kiazi kilichofukiwa kwenye majivu ya moto huwa kitamu kama asali. Kwa chakula hiki hatuutaki utamu mwingi namna hiyo, kwa hiyo vipande vitupwe katika mafuta yaliyokwisha kupata moto, vijiko vikubwa vinne tu, vigeuzwe hadi pembe ziwe na rangi ya kahawia, halafu viepuliwe. Rangi hiyo ya kahawia ni ladha. Msiione kuwa ni kuungua.

Katika sufuria kavu kaangeni jira kijiko kimoja cha chai na mbegu za giligilani vijiko viwili, mpaka harufu ipande, kisha zitwangwe kinuni. Bizari iliyotwangwa zamani ikakaa dukani mwaka mzima ni vumbi la rangi, haiwezi kushika nafasi ya chumvi. Katika mafuta yaliyobaki tieni vitunguu maji vitatu vilivyokatwa, na msivionee haraka. Viacheni vilegee na kubadilika rangi. Fuateni na vitunguu saumu punje sita, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, manjano nusu kijiko, na pilipili mbili zilizopondwa. Pilipili lazima ipite kwenye mafuta, kwa sababu ukali wake huyeyuka katika mafuta na wala si katika maji. Ikitiwa mwishoni ndani ya mchuzi itamchoma mmoja na kumpita mwingine.

Rudisheni viazi, tieni zile bizari, na maji ya moto kikombe kimoja na nusu. Funikeni mpaka viive. Ukwaju wa ukubwa wa yai, uliolowekwa, ukakamuliwa na kuchujwa, utiwe viazi vikishalainika, si kabla, maana uchachu huvizuia visiive. Mwisho tieni karanga zilizokaangwa na kusagwa bila chumvi, kikombe kimoja, na mkoroge kwa moto mdogo dakika tano. Mwenye dagaa wa Kigoma waliokaushwa juani bila chumvi anaweza kuwachoma kidogo, kuwasaga, na kutia vijiko viwili. Chakula kitakuwa na uzito wa nyama.

Na chumvi? Robo ya kijiko cha chai, kwa sufuria nzima, tena inyunyizwe juu wakati wa kupakua. Chumvi iliyo juu ya chakula hukutana na ulimi kwanza. Iliyopikwa ndani sehemu yake humezwa bila kuonjwa. Hiyo robo iwe chumvi yenye madini joto, kwa maana kupunguza chumvi si kurudi kwenye chumvi ya mawe isiyotiwa madini hayo. Mama mjamzito na mtoto wanayahitaji, na goita tunaijua.

Inafurahisha kufikiri kwamba kiazi kitamu, pilipili na karanga, vyote vitatu, asili yake ni Amerika, na vilivuka bahari baada ya mwaka 1492, ilhali jira, manjano na tangawizi zilikuja kwa njia ya pwani kutoka upande wa Asia. Vimekutana katika chungu cha Unyamwezi, na hakuna anayeviita vya kigeni.

Katika miezi ambayo viazi vibichi havipo, tunayo michembe na matobolwa. Michembe, iliyokatwa na kuanikwa ikiwa mibichi, ilowekwe usiku kucha, ichemshwe pamoja na kunde, kisha iungwe kwa viungo hivyo hivyo. Matobolwa, kwa kuwa yalichemshwa kabla ya kuanikwa, yana utamu uliokolea, basi yaongezewe ukwaju na pilipili, yapunguziwe vitunguu. Binafsi nayapenda matobolwa kuliko viazi vibichi kwa upishi huu, ingawa najua wengine watabisha.

Lazima niseme juu ya chumvi inayojificha. Vidonge vya mchuzi vinavyouzwa madukani sehemu yao kubwa ni chumvi. Anayepunguza kijiko na kutia vidonge viwili hajapunguza kitu. Magadi nayo yana sodiamu, kwa hiyo kunde za magadi si kunde zisizo na chumvi. Lowekeni kunde usiku, zitaiva bila magadi. Samaki wa chumvi alowekwe na maji yamwagwe zaidi ya mara moja.

Ulimi hubadilika. Waliochunguza jambo hili wameona kwamba mtu aliyepunguza chumvi kwa miezi miwili au mitatu hukiona chakula cha zamani kuwa kimezidi. Lakini miezi hiyo ni migumu kwa mtu mmoja peke yake, na hapa ndipo chama kinapoingia. Katika nchi ya Ufini, jimbo la Karelia ya Kaskazini, mwaka 1972 ilianzishwa kazi kubwa ya kupambana na magonjwa ya moyo. Madaktari hawakuitegemea hospitali peke yake. Walishirikiana na chama cha akina mama wa nyumbani kiitwacho Martha, ambacho wanachama wake walifanya karamu vijijini, wakipika vyakula vilevile vya kienyeji kwa mafuta na chumvi kidogo zaidi, na watu wakala pamoja. Katika miaka iliyofuata ulaji wa chumvi nchini humo ulipungua, shinikizo la damu likashuka, na vifo vya kiharusi vikapungua sana, ingawa chumvi haikuwa sababu pekee.

Sisi tunao mkutano mkuu wa mwaka, na katika makisio ya kila chama kuna fungu la chakula cha siku hiyo. Fungu hilo liko mikononi mwa katibu na kamati. Ninapendekeza katika mkutano mkuu ujao kila chama kipike sufuria moja ya viazi hivi kwa ajili ya watu wote, bila kuitangaza kuwa ni ya wagonjwa. Kwa watu mia moja hesabuni viazi kilo 35, karanga kilo 2, ukwaju kilo moja, na chumvi vijiko vinne vya chai tu, vipimwe na mtu mmoja aliyeteuliwa, asiruhusu mkono wa pili. Kichumvi kisiwekwe mezani.

Tahadhari chache. Mwenye kisukari ale kipimo kidogo, na viazi vyake vichemshwe badala ya kuchomwa, kwa sababu vya kuchomwa hupandisha sukari haraka zaidi. Kunde pembeni zitamsaidia. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, kwa sababu ya ile potasiamu niliyoisifu. Mwenye vidonda vya tumbo aondolewe pilipili na apunguziwe ukwaju; jira na vitunguu vinatosha kwake. Na aliyeandikiwa dawa za shinikizo la damu aendelee kuzimeza. Viazi havichukui nafasi ya vidonge.

Ndugu Mwenyekiti, akina mama wa hapa Isevya wametupikia sufuria mbili, ziko nyuma ya ukumbi. Moja imetiwa chumvi kama ilivyozoeleka, nyingine ina ile robo ya kijiko kwa kila watu sita. Naomba kila mmoja aonje zote mbili kabla hajauliza ipi ni ipi. Baada ya hapo nitajibu maswali.