Jeli ya Chunusi Isipakwe Peke Yake

Kijana mwenye chunusi akianza kupaka jeli ya klindamaisini, ambayo ni antibayotiki, hupata matumaini: vipele hunywea, maumivu hupungua. Tatizo huja baadaye. Bakteria wanaoishi kwenye vitundu vya vinyweleo huweza kuwa sugu, na dawa ikaishiwa nguvu.

Ndiyo maana mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza, wa mwaka 2021, unakataza antibayotiki ya kupaka kutumiwa peke yake. Huunganishwa na dawa kama benzoili peroksaidi, ambayo bakteria hawaizoei, ingawa hupausha taulo na foronya.

Matibabu hayo huchukua wiki 12, na wengi huacha mapema mno. Anayeuziwa jeli dukani amuulize mfamasia: imechanganywa na nini, na ipakwe hadi lini?