Nchi Jirani: Nani Amlipie Msomi wa Miamba?

Ndugu wasikilizaji wa majeshi yetu ya ulinzi na wa Jeshi la Polisi,

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo, mashariki ya Kongo, ulipasuka ubavuni. Lava, yaani ule uji wa moto utokao tumboni mwa ardhi, iliteremka mpaka viungani mwa mji wa Goma. Watu wapatao 30 walipoteza maisha na nyumba nyingi ziliteketea. Siku tano baadaye serikali ya nchi hiyo iliamuru wakazi wa sehemu kubwa ya mji wahame. Ninyi mliofunzwa kuhamisha raia kwa utaratibu mwajua kwamba amri ya namna hiyo haitolewi kwa kubahatisha. Sharti awepo mtu wa kumwambia kamanda kwamba hatari iko upande huu, na njia ile ni salama. Palipo na mlima wa moto, mtu huyo ni mwanajiolojia.

Goma inacho kituo cha kuchunguza volkano. Lakini msaada wa Benki ya Dunia uliokitegemeza ulikwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kituo hicho hakikuwa na fedha hata za kulipia intaneti ya kupokelea habari kutoka mitambo iliyoko mlimani. Mawasiliano yalirejea muda mfupi tu kabla ya mlipuko. Kwa haki, yafaa isemwe kwamba, kwa maelezo ya wataalamu wenyewe, mlipuko ule ulitoa dalili chache mno. Hata hivyo fundisho linabaki pale pale: mtaalamu na chombo chake huhitaji fedha, na ikiwa fedha hiyo ni ya mgeni peke yake, siku mgeni akifunga mkoba wake mlinzi huachwa gizani.

Sasa tuwatazame jirani zetu wa kaskazini. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, Kenya ilichimba visima vya kwanza vya kutafuta mvuke wa ardhini katika miaka ya 1950. Mtambo wa kwanza wa umeme, wenye nguvu ya megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981, na kufikia mwaka 1985 kituo kilikuwa na megawati 45. Leo umeme wa jotoardhi nchini Kenya umepita megawati 800, nao ni sehemu kubwa kuliko nyingine yoyote ya umeme unaozalishwa huko.

Mitambo inaweza kununuliwa, lakini mtu wa kusoma miamba na kusema kisima kichimbwe hapa wala si pale hanunuliwi dukani. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilifungua mpango wa mafunzo ya jotoardhi nchini Aisilandi, kisiwa cha baridi kaskazini ya Ulaya, ambacho chenyewe huishi kwa joto la ardhi. Tangu mwaka 2020 mpango huo uko chini ya UNESCO. Mafunzo ya kwanza huchukua miezi 6. Na tangu mwaka 2000 waliofanya vizuri wameweza kurudi kusomea shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Aisilandi. Nauli, ada na posho hulipwa na mfadhili. Kenya ndiyo iliyopeleka wanafunzi wengi kuliko nchi nyingine yoyote.

Ilifaulu kwa sababu gani? Mpango huo haumpokei mtu aliyejitokea tu. Mwombaji hupendekezwa na taasisi yake. Awe na shahada, awe na kazi ya kudumu katika fani hiyo, na awe amekwisha kuifanya japo kwa mwaka mmoja. Hivyo mfadhili hulipia masomo, na nchi humwachia kijana nafasi yake ya kazi. Anaporudi anakikuta kisima kinamngoja. Hiyo ndiyo siri ya Olkaria: hawakumsomesha mtu kwanza, kisha ndipo wakaanza kumtafutia kazi.

Ndugu wasikilizaji, baadhi yenu mna vijana wenye shahada ya kwanza ya jiolojia, nao wamekaa nyumbani wakidhani kwamba masomo ya juu ni ya watoto wa matajiri. Sivyo. Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika sayansi za ardhi kwa kawaida hasomi kwa fedha ya baba yake. Chuo humsamehe ada na kumlipa posho, naye hufanya kazi ya kumsaidia mwalimu maabarani au katika utafiti. Kwa shahada ya uzamili nafasi hizo ni chache zaidi, lakini zipo. Upo pia Mpango wa Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, uliokubaliwa mjini Oxford mwaka 1959, ambao hudai kwamba aliyesomeshwa arudi kwao kuitumikia nchi yake.

Lakini milango hiyo ina taratibu zake. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi kati ya Desemba na Januari kwa masomo yanayoanza mwezi wa Agosti au Septemba. Basi anayeanza kutafuta vyeti mwezi huo wa Januari amekwisha kuchelewa. Kwanza kijana aamue anataka kuchunguza jambo gani: maji ya chini ya ardhi, madini, matetemeko, au volkano. Kisha amtafute mwalimu anayelichunguza jambo hilo, asome maandishi yake, amwandikie barua fupi yenye swali la maana. Barua ya kuomba huruma haifui dafu. Barua inayoonyesha kwamba mwandishi amepima mwamba, amechora ramani na amefikiri, hiyo husomwa. Awaombe mapema walimu watatu wanaoifahamu kazi yake wamwandikie barua za kumpendekeza. Na akishindwa kulipa ada ya maombi, aulize, kwa kuwa vyuo kadhaa humsamehe anayeomba kwa sababu za haki.

Hapa askari polisi wana neno la kuwaambia wananchi. Wapo matapeli wanaouza ufadhili. Ada ya maombi, pale inapotakiwa, hulipwa kwa chuo chenyewe. Hailipwi kwa wakala wa mtaani, wala haimnunulii mtu nafasi. Yeyote adaiye fedha ili jina la kijana liingizwe katika orodha ya waliochaguliwa ni mwizi, na mahali pake panajulikana.

Nasi tunalo joto lile lile chini ya ardhi yetu, huko Ngozi mkoani Mbeya. Na tunao mlima wa moto ulio hai, Oldoinyo Lengai. Bonde la Ufa halikuchagua taifa. Kwa hiyo hapana budi idara zetu zijiulize swali ambalo Goma iliulizwa na moto: wataalamu wetu tumewasomesha wangapi, na waliporudi tumewapa kazi gani? Kumpa kijana ruhusa ya masomo, kumlindia nafasi yake, na kumwandalia vyombo vya kazi, hayo ni matumizi ya ulinzi sawasawa na kumnunulia askari buti na redio.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Utajiri wetu uko mvunguni mwa nchi, na hatari zetu pia ziko huko huko. Kuinama kwenyewe ndiko huku kusoma, na anayeinama kwa niaba ya taifa asiachwe ajilipie peke yake.