KUZITENGENEZA NYUMBA ZETU ZA ZAMANI
(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa wanachama, Tukuyu)



Wale waliounda chama cha watumishi Waafrika wa serikali kule Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa miongoni mwao, walitaka watumishi wakutane na kuelimishana. Basi nami sikuja kusema habari za mishahara. Nimekuja kusema habari za kitu kiilacho mishahara hiyo, yaani nyumba.

Desturi yetu twaijua sote. Karani apatapo fedha kidogo, huitazama nyumba aliyoachiwa na baba yake, akaiona ni ya giza, ya baridi na ya moshi. Husema, "Hii haifai, nitajenga nyingine." Hununua matofali, huchimba msingi, kuta hupanda hata kwenye lenta, kisha fedha hukoma. Mvua za mwaka wa kwanza huja, na za pili, na migomba huota ndani ya pagala. Wakati huo wote mama na watoto wamo katika nyumba ile ile ya giza, wakisubiri. Neno langu jioni hii ni hili: nyumba ya zamani ikiwa ina msingi imara na kuta zilizosimama wima, yatupasa kuitengeneza hiyo kwanza. Nitajaribu kueleza kwa nini, na kwa njia gani.

Kwanza tujue kwamba nchi hii haikukosa ujuzi wa nyumba. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa mwaka 1879, alizisifu nyumba za Wanyakyusa kwa unadhifu wake. Zilikuwa za mianzi na udongo, zimeezekwa kwa nyasi nene. Nyasi zile hazikupitisha joto la mchana wala baridi ya usiku, na upenu wake ulishuka chini ukazilinda kuta na mvua. Baada ya wamisheni kufika Rungwe mwaka 1891, matofali ya kuchoma yalianza kuenea, na mji huu wa Tukuyu, ambao Wadachi waliuita Neu Langenburg, ukapata majengo ya kuta nene. Hatimaye likaja bati. Bati halivuji wala halishiki moto upesi, lakini lina aibu tatu: mchana lawaka, usiku lapoa upesi kuliko kitu chochote ndani ya nyumba, na mvua inyeshapo watu hawasikilizani. Tulipoacha nyasi tulipata usafi na usalama, ila tulipoteza blanketi la nyumba, wala hatukuweka kitu mahali pake.

Sababu ya pili ya kuzihifadhi kuta za zamani ni kuni. Kila tofali lililochomwa lilikwisha kula kuni zake zamani. Ukilivunja na kuchoma jingine, umekata mti wa pili kwa kazi ya mti mmoja. Na vilima vyetu havina miti ya kuchezea.

Sasa nianze kazi yenyewe. Nitaipanga kama tupangavyo majalada, la mbele likiwa lile lisiloweza kungoja.

La kwanza ni maji. Mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa Aprili hatuna haja ya kuambiwa. Adui mkubwa wa nyumba ya hapa ni maji yapigayo ukuta na yale yateremkayo kutoka upande wa juu wa kilima. Kabla ya kununua kioo kimoja, chimba mfereji upande wa juu ili maji yauzunguke msingi. Kisha tazama upenu. Nyumba nyingi zina upenu wa shibiri moja tu. Uongeze ufike sentimita 60 au zaidi, hasa kama matofali yameungwa kwa udongo. Ukisha, weka mfereji wa bati na tangi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 60, likipata milimita 2,000, hupokea lita 120,000 kwa mwaka. Hata sehemu ya tano ikipotea, zabaki 96,000. Hayo ni maji ambayo mabinti zetu huyateka bondeni na kupanda nayo kilima. Waswahili wasemapo usipoziba ufa utajenga ukuta, sisi wa Rungwe twalijua neno hilo kwa macho.

La pili ni mwanga. Kwa nini madirisha ya wazee wetu ni madogo? Hawakuwa wajinga. Kioo kilikuwa ghali, dirisha lilikuwa la ubao, na ubao ukifunguliwa baridi yaingia, ukifungwa nuru yatoka. Aliyejenga alichagua joto. Kioo chatuondolea uchaguzi huo, maana chapitisha nuru na kuzuia upepo. Asiyeweza kubadili madirisha yote na akate sehemu ya juu tu ya kila dirisha, atie kipande cha kioo kisichofunguka, na chini auache ubao ufunguke kama zamani. Sehemu ya juu ndiyo yenye faida, kwa kuwa nuru iingiayo juu hufika mbali chumbani. Kanuni ya zamani ya wajenzi ni kwamba eneo la madirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Pimeni kwenu mkirudi. Wengi mtaona hata nusu yake haifiki.

Dirisha jipya litobolewe wapi? Tukuyu iko nyuzi 9 na zaidi kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo tangu mwezi wa Machi hata mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na katika Juni na Julai, wakati meno yagonganapo kwa baridi, husimama upande huo kwa mshazari. Dirisha la kaskazini basi hupokea jua miezi ile tunayolihitaji. Ifikapo Desemba jua limehamia kusini nalo li juu sana, na upenu wafaa kulizuia.

Lakini fundi asianze kwa nyundo. Kwanza paa litegemezwe kwa nguzo, kisha lenta iwekwe, iingie ukutani walau sentimita 15 kila upande, ndipo tundu likatwe chini yake. Dirisha lisisogee karibu na pembe ya nyumba. Kazi hii ifanywe wakati wa kiangazi, Julai hata Oktoba, ukuta ukiwa mkavu.

Yuko asiyeweza hata hayo. Kwake nasema, nunua chokaa. Ukuta wa moshi huimeza nuru, na ukuta mweupe huirudisha. Chumba kile kile, dirisha lile lile, na mtoto ataweza kusoma kwa nuru iliyo bora zaidi. Na mahali penye umeme, tuache taa za waya. Taa ya waya ya wati 60 iwakayo saa tano kila siku hula yuniti 9 kwa mwezi; taa ya LED ya wati 9 yatoa nuru iliyo karibu sawa kwa yuniti moja na theluthi hivi. Karani ahesabuye senti za posho hawezi kulipuuza hilo.

La tatu ni dari. Hili ndilo blanketi nililolitaja. Hewa iliyotulia kati ya bati na dari huzuia joto lisitoroke usiku na lisitushukie mchana, na kelele za mvua hupungua. Anayeweza atumie mbao au ubao laini. Asiyeweza atumie mikeka ya mianzi, kwa maana mianzi tunayo na mafundi wa kuisuka tunao. Mianzi ikaushwe na kutiwa dawa ya wadudu, na mahali pa bomba la moshi pazungukwe kwa bati au matofali, moto usipate njia. Aliye na nyumba kuukuu iliyoezekwa kwa vigae vya asbesto asivikate wala kuvitoboa, kwani vumbi lake huharibu mapafu. Aite wajuao kazi hiyo.

La nne ni jiko. Naomba wanaume wenzangu wanisikilize hapa, kwa kuwa hatuketi jikoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Mwanamke apikaye kwa kuni chini ya bati lisilo na tundu, na mtoto mgongoni, hula moshi huo kila siku. Tukiweka marumaru sebuleni na jiko likabaki jeusi, tumeipamba nyumba kwa ajili ya wageni tu.

Dawa zipo kwa kila mfuko. Jiko banifu la matofali lenye dohani ipitayo juu ya kilele cha paa latumia kuni chache na kutoa moshi nje. Rungwe ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na mwenye ng'ombe wawili au watatu wa zizini ana moto ndani ya samadi yao: samadi na maji kiasi kwa kiasi hutoa gesi ya kupikia, na masalio yake hurudi mgombani. Mpango wa taifa wa gesi ya samadi ulianza mwaka 2009 chini ya CAMARTEC. Na mkakati wa serikali wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Sisi watumishi tutawezaje kuwaeleza watu mkakati huo ikiwa moshi wafuka kwetu?

Najua wazee watasema, "Mwanangu, moto huu ndio unaonipasha mifupa." Wasema kweli, nasi tusiwadharau. Ndiyo maana dari hutangulia jiko: nyumba ishikayo joto haihitaji moto mkubwa, na jiko la matofali hukaa na uvuguvugu muda mrefu baada ya kuni kuzimika. Mwekeni mzee chumba chenye ukuta unaopakana na jiko, apate joto bila moshi.

Hapa nina onyo, nalo ni zito kuliko yote niliyosema. Nyumba ya zamani ilipenyeza hewa kwa kila ufa. Tukitia vioo na dari, tumeziba nyufa hizo. Mtu aingizaye jiko la mkaa katika chumba cha namna hiyo na kulala amejiwekea sumu. Hewa itokayo kwenye mkaa haina harufu wala rangi, nayo huua mtu usingizini. Twasikia habari za watu waliolala hivyo wasiamke. Basi iwe sheria ya kila nyumba: matundu madogo ya hewa yaachwe juu ya kila chumba, na mkaa usilale ndani, hata baridi iwe ya namna gani.

La tano na la mwisho ni kuongeza vyumba. Nimeliweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa sisi huliweka mwanzo. Chumba kipya kikibandikwa nyuma ya nyumba, mara nyingi huziba dirisha la chumba cha zamani, na katikati pakazaliwa pango ambalo taa huwaka mchana. Kabla ya kujenga, uliza: nuru ya chumba cha kati itatoka wapi? Afadhali chumba kipya kisimame kwa pembe, kama herufi L, au kiachiwe ua mdogo. Msingi wake uwe imara kama wa zamani, nao huzama kidogo baada ya kujengwa. Kwa hiyo pale ukuta mpya unapokutana na wa kale pasifungwe kwa nguvu, bali paachwe kiungo kilichonyoka, ufa ukitokea ujue njia yake. Na paa jipya lisimwage maji juu ya ukuta wa zamani.

Mtaniuliza habari za fedha. Yote haya hayafanywi mwezi mmoja. Mfereji wa maji wataka jembe na Jumamosi mbili. Chokaa yatoka katika mshahara wa mwezi mmoja. Vioo na dari vyaweza kufanywa chumba kwa chumba, kwa akiba au kwa mkopo mdogo wa chama cha kuweka na kukopa. Tofauti yake na pagala ni kwamba kila shilingi iliyotumika yaanza kufanya kazi siku ile ile. Hakuna iliyolala mvuani. Ila iandikwe. Mali bila daftari huisha bila habari, na ni aibu karani kukosa daftari la nyumba yake.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, natoa maombi mawili. La kwanza, chama kichague kamati ya watu watatu, pamoja na fundi mmoja mwaminifu, izitazame nyumba za wanachama watakaopenda na kumwandikia kila mmoja nini kitangulie. La pili, wanachama wanaotaka vioo na mbao wanunue kwa pamoja kabla ya Julai, maana anunuaye kwa wingi hupunguziwa bei, na kioo kimoja kimoja juu ya pikipiki hakifiki Rungwe kikiwa kizima.

Ndugu zangu, baba zetu walijenga kwa walichokuwa nacho, wakatuachia kuta. Kazi yetu ni kuziingiza nuru na kuutoa moshi, kabla watoto hawajamaliza shule gizani wakingoja nyumba ambayo bado ni msingi.