Bomba la majitaka: kuziba ufa au kujenga upya?

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wahenga waliosema hivyo hawakuwa wakifikiria mabomba yaliyofukiwa chini ya bustani za Uingereza, lakini hoja yao ndiyo inayomkabili kila anayenunua nyumba kuukuu katika nchi hiyo.

Msikilizaji mpenzi, chukua mfano wa familia iliyohama kutoka Mombasa, ikajibana kwa miaka mingi, na hatimaye ikanunua jijini London nyumba iliyojengwa enzi za Malkia Victoria. Asubuhi moja maji ya bafuni yanakataa kushuka, choo kinafurika, na harufu inapenya hadi jikoni. Fundi anaitwa. Anafunua chemba, anatikisa kichwa na kutoa hukumu: bomba lote ling'olewe, liwekwe jipya. Gharama anayoitaja ni maelfu ya pauni, fedha zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya kumalizia nyumba ya mama huko Mombasa. Je, familia ikubali?

Busara ni kutokubali wala kukataa kabla ya kujibiwa maswali matatu.

Swali la kwanza: bomba ni la nani? Tangu tarehe 1 Oktoba 2011, kampuni za maji za England na Wales zilikabidhiwa mabomba mengi ambayo hapo awali yalihesabiwa kuwa mali ya wenye nyumba. Kwa kawaida, bomba linalobeba majitaka ya nyumba moja tu, likiwa ndani ya mpaka wa kiwanja chake, ni la mwenye nyumba. Lakini pale linapopokea maji ya jirani, au linapovuka mpaka kuelekea kwenye bomba kuu la umma, huwa ni jukumu la kampuni ya maji, hata kama linapita chini ya bustani ya mtu. Nyumba za zamani zilizojengwa kwa safu, ukuta kwa ukuta, mara nyingi hutumia bomba moja la pamoja. Mpangaji naye asiharakishe kutoa fedha. Nchini England, sheria ya mwaka 1985 inamtaka mwenye nyumba kutengeneza mabomba ya majitaka, iwapo mkataba wa kupanga ni wa chini ya miaka 7.

Swali la pili: kuna nini ndani ya bomba? Jibu halipatikani kwa kutikisa kichwa juu ya chemba, bali kwa kupitisha kamera. Pengine kilichoziba ni mafuta ya kupikia yaliyoganda, yakashikana na vitambaa vya kupangusia watoto. Hapo bomba halina kosa. Linahitaji kuzibuliwa kwa maji ya kasi, basi. Pengine ni mizizi. Mabomba ya kale ni ya udongo wa kuchomwa, vipande vifupi vilivyounganishwa kwa saruji. Ardhi ya mfinyanzi, iliyo nyingi London, husinyaa wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. Viungo hufunguka, na mizizi hufuata unyevu.

Nyufa na viungo vya namna hiyo vyaweza kutengenezwa bila kuchimba. Mwaka 1971, mhandisi Eric Wood alitumia London mbinu ambayo leo imeenea duniani: kulivisha bomba bitana. Mfuko laini uliolowekwa utomvu wa plastiki huingizwa ndani, hujazwa hewa au maji hadi ukagusa kuta, kisha huachwa ugande. Linabaki bomba jipya ndani ya bomba kuukuu. Ikiwa kilichoharibika ni kiungo kimoja, bitana fupi ya mahali hapo hutosha.

Swali la tatu: je, bomba bado lina umbo na mteremko? Bitana hufuata umbo la bomba inalovishwa. Bomba la nyumbani la milimita 100 kwa kawaida hushuka sentimita 1 kwa kila sentimita 40. Likizama katikati, bitana nayo itazama, na uchafu utaendelea kutuama. Likiporomoka, hakuna pa kupitishia bitana. Tahadhari zaidi ni kwa nyumba za miaka ya 1950 hadi 1970, ambazo baadhi zilitandikwa mabomba ya nyuzi za mbao zilizoshibishwa lami. Hayo kwa umri hufura malengelenge na kubonyea kama yai. Yaliyobonyea sana, kuyazibua kila mwaka ni kumwaga fedha; ni heri kuyang'oa mara moja.

Turejee kwa familia ile. Tuseme kamera imeonyesha mizizi katika viungo viwili, na vyote viko mbele ya pale bomba la jirani linapoungana na lao. Basi wa kupigiwa simu si fundi, ni kampuni ya maji, na fedha za nyumba ya mama zinabaki salama. Viungo hivyo vingekuwa nyuma ya makutano hayo, gharama ingekuwa yao, lakini ingekuwa ya bitana, si ya kuchimbua bustani nzima.

Anayeambiwa abadilishe bomba na aombe picha za kamera pamoja na ripoti ya maandishi, aichunguze bima ya nyumba yake, kisha amwonyeshe picha hizo fundi wa pili. Ufa huzibwa na ukuta hujengwa, lakini kwanza ijulikane ukuta ni wa nani.