Tovuti ya Wakili na Imani ya Mteja
(Hotuba iliyotolewa Kawetele mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kutengeneza tovuti. Nitaieleza moja tu, ya ofisi ndogo ya mawakili wawili hapa Tukuyu.

Vishoka mnawajua. Si mawakili, lakini huzungukazunguka mahakamani au hujitangaza katika simu, wakala fedha za mkulima mwenye kesi ya mpaka wa shamba. Kishoka naye aweza kuwa na tovuti, tena ya kupendeza kuliko ya wakili: mizani ya dhahabu, suti, vitabu vinene nyuma yake. Uzuri, basi, si ushahidi. Hata ile alama ya kufuli juu ya ukurasa husema tu kwamba maneno yako hayasomwi njiani. Haisemi anayeyapokea ni nani.

Kwa hiyo tuliweka mambo ambayo msomaji anaweza kuyahakikisha bila kutuuliza sisi. Jina kamili la kila wakili na namba yake katika daftari la mawakili. Chini yake, maelezo ya kuingia katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, ili mtu atazame mwenyewe kama wakili huyo anaruhusiwa kufanya kazi, maana cheti huhuishwa kila mwaka. Kisha jengo lilipo, na picha ya mlango wenyewe. Picha ndogo, kwa kuwa bando ni fedha. "Tunashinda kesi zote" hatukuandika. Kanuni za maadili zinawabana mawakili katika kujitangaza, na hukumu haiahidiwi na mtu asiye hakimu.

Lugha ni Kiswahili. Marekebisho ya sheria ya 2021 yamekifanya kuwa lugha ya mahakama. Sioni sababu ya kumsalimia mama wa Kiwira kwa Kiingereza.

Jambo tulilobishania sana ni fomu. Mawakili walitaka mteja aeleze humo kesi yake yote. Nikawakumbusha kwamba mji wetu ni mdogo. Majirani wawili wakigombea kipande cha mgomba, yawezekana wote wakaijia ofisi ile ile. Mmoja amekwisha kupokewa; wa pili, usiku, anamwaga siri zake zote katika fomu. Asubuhi wakili ameshika siri za pande mbili, na pengine hawezi tena kumtetea hata mmoja. Hapo wakakubali. Fomu inauliza jina lako, namba ya simu, na jina la unayegombana naye, ili ofisi itazame kwanza kama iko huru kukupokea. Juu yake tumeandika kwa herufi kubwa: USIELEZE KESI YAKO HAPA. KUTUMA FOMU HII SI KUMWEKA WAKILI.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 2023, nayo inataka usikusanye kuliko unavyohitaji. Tumeandika taarifa hizo zinatunzwa kwa muda gani na ofisini anazisoma nani.

Wanafunzi wanaopenda kuiona, kompyuta ninayo. Tukutane baada ya chakula.