Mfongo na Majina Hewa



Mfongo wa mlimani kwetu hauna bwana mmoja. Wautumiao ndio wautunzao. Asiyetoka kuusafisha hutozwa faini, kwa kuwa kila mtu anafahamika kwa sura.

Katika mitandao, jina laweza kuwapo bila mtu, na mmoja akajifanya wengi. Desemba 2021 Twitter ilitangaza kuziondoa akaunti 268 zilizohusishwa na Tanzania. Zilitumika kupeleka malalamiko ya hila dhidi ya FichuaTanzania na mwanzilishi wake.

Viongozi wa jumuiya, makundi yenu ya simu yakikua, msihesabu majina, fahamuni watu. Kila mgeni adhaminiwe na mwanachama anayejulikana. Wala mtu asihukumiwe kwa wingi wa washtaki kabla hajasikilizwa.